Shajara ya Bamvua

Fomu yetu ya kazi ina safu 11 za namba na safu moja ya maelezo, nayo haitoshi maneno manne. Ndiyo maana nina daftari hili la pili. Humu naandika kilichoharibika, siku ileile, kabla sijalala. Namba iliyopatikana futi ikiwa imeteleza si sawa na iliyopatikana mikono ikiwa mikavu, na atakayeisoma miaka kumi ijayo ana haki ya kujua tofauti hiyo.

Siku nazihesabu kwa mwezi mwandamo, kama wanavyohesabu watu wa huku delta ya Rufiji. Kazi ya mikokoni hufuata bamvua, kwa sababu ndipo maji yanapokupwa mbali na kuacha tope wazi. Maji mafu yakiingia, tunafungasha.

Jumapili, mwezi 13

Nahodha wa boti yetu alitaka tungoje bandarini Nyamisati hadi saa tano. Nilimwonyesha jedwali la kupwa na kujaa: maji yanafika chini kabisa saa tatu kasorobo, kwa hiyo saa nne yatakuwa yameshaanza kupanda. Alilisoma mstari kwa mstari, akanirudishia.

"Hili la bandari ya Dar es Salaam, mwanangu. Huku maji yanachelewa njiani."

Nikamwambia tuna vifaa vingi vya kupanga kabla jua halijawa kali. Akawasha injini bila neno. Saa nne na dakika kumi tulikuwa juu ya fungu la mchanga, maji hayafiki magotini. Kijana wa pondo alishuka kusukuma, mwanafunzi wangu akashuka, nami nikashuka. Boti haikusogea. Tumekaa hapo saa moja na nusu.

Nahodha alinyoosha mkono kuelekea kusini, akasema manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya milango hii ya mto mwaka 1914. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu ya mafungu kama hili. Ilibidi ziletwe meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, ndipo ikapigwa mwezi Julai 1915, na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. "Hata wao walisubiri maji," akasema.

Wakati wa kusubiri nilihesabu sululu kwenye tope la ng'ambo: 23. Mmoja alikuwa karibu kiasi cha kuonekana bila darubini. Alitumbukiza mdomo wake uliopinda ndani ya shimo, akavuta kaa mdogo, akamtikisa mpaka gando kubwa likadondoka, akaenda naye hadi kwenye maji, akamsuuza, ndipo akameza. Ndege hawa huzaliana kaskazini kabisa, Urusi na kwingineko, kisha huja kula huku wakati kwao kumeganda. Hesabu hii haikuwa kwenye ratiba. Nimeiandika kwenye fomu ya ndege pamoja na sababu ya sisi kuwa pale.

Nimeandika pia kwenye jalada la jedwali, kwa wino: ongeza saa moja na robo.

Jumatatu, mwezi 14

Buti la kushoto limebaki topeni. Nilipiga hatua, mguu ukaja, buti halikuja, na shimo likajifunga juu yake. Kijana wa pondo aliingiza mkono hadi begani akalikosa. Tumeandika mahali lilipo kwa kifaa cha GPS. Mpira ule haufai kubaki humu, na bamvua ijayo tutalitafuta tena.

Nahodha huvaa raba nyepesi, amezifunga kamba kifundoni. Jana jioni nilimwona akizikagua kamba hizo moja moja, nami sikumuuliza kwa nini. Leo mchana nimefanya kazi kwa soksi na nimekatwa na chaza chini ya kidole gumba. Kidonda ni kidogo. Nimekiosha.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la vipimo. Kila kiwanja chetu kina mita 10 kwa 10, na ndani yake tunapima unene wa kila mti. Mchu, msinzi na mkandaa hupimwa sentimita 130 kutoka ardhini. Mkoko haupimwi hivyo, kwa sababu umesimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyejishika kwa mikono mingi, na ukipima sentimita 130 huenda ukawa bado unapima mizizi. Mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho. Mwanafunzi wangu alipima mikoko tisa kwa kanuni ya mchu. Mimi ndiye niliyempa maelezo asubuhi, na kwenye maelezo yangu mkoko haukuwamo. Tumeirudia yote tisa. Namba za kwanza hatukuzifuta. Tumezipiga mstari mmoja, na bado zinasomeka.

Wakati tunarudia, nahodha alikuwa anapita kwenye visiki. Yeye hapimi kwa futi. Anatazama kisiki na kusema: pau, boriti, boriti, nguzo. Hayo ni majina ya biashara ya zamani, miti ya delta hii ilipokuwa ikipakiwa majahazini kwenda kuezekea nyumba za Arabuni. Nilipima visiki baada yake kwa futi. Hakukosea hata kimoja kati ya 14. Nimeongeza safu kwenye fomu kwa ajili ya majina yake.

Jumanne, mwezi 15

Jana jioni tulifunga majani 40 ya mkoko kwa uzi, kila jani na uzi wa mita moja uliofungwa kwenye mzizi, kuona kaa watachukua mangapi na kwa kasi gani. Swali hili lina uzito. Jani likianguka na kubebwa na maji, chakula kimeondoka msituni. Kaa akilivuta shimoni mwake, chakula kimebaki, na tope linalishwa. Baada ya hapo ndipo tunapoweza kuzungumza juu ya kamba na samaki wanaokulia kwenye mizizi hii.

Leo majani 34 hayapo juu ya tope. Nyuzi zinaingia mashimoni. Hilo ndilo tulilotaka kujua.

Tusilolitaka ni hili: kila uzi tulikuwa tumeutia utepe mwekundu wa plastiki ili tuuone kwa mbali, na tepe nyingi zimevutwa ndani pamoja na majani. Nilichuchumaa mbele ya shimo moja kwa dakika 20. Kaa alitoka, magando yake mekundu mbele, akashika ncha ya utepe iliyobaki nje, akarudi nyuma nao polepole, anavuta, anapumzika, anavuta. Kwake lile lilikuwa jani.

Tumechimba kwa mikono mpaka maji yaliporudi. Tumetoa tepe 31. Tisa zimebaki chini. Tulikuja kuupima msitu huu kwa sababu tunaujali, na leo tumeuachia vipande tisa vya plastiki ambavyo jana havikuwamo. Nimeviandika kwenye ripoti chini ya kichwa cha madhara ya utafiti. Kichwa hicho hakikuwapo, nimekiweka mimi.

Usiku mama mwenye nyumba tunayolala alitupa kanga chakavu. Tumeichana vipande vyembamba. Pamba inaoza.

Jumatano, mwezi 16

Chuma cha kuchukulia udongo kimekwama.

Ni bomba lililopasuliwa upande mmoja, urefu wake mita moja na ushee. Unalisukuma chini taratibu, unalizungusha mara moja, unalivuta, na ndani yake unapata historia ya mahali pale kuanzia juu hadi chini. Limeshuka vizuri. Kupanda limekataa. Tope limelishika kwa kulinyonya, na kadiri tulivyovuta ndivyo sisi tulivyozama. Ilikuwa saa sita na nusu, na maji yalikuwa yameshageuka. Saa saba yalianza kuonekana kati ya mizizi, membamba, bila sauti.

Nahodha alikuja na mche wa mkandaa uliokauka, akauingiza pembeni ya bomba, akatoboa njia, akamimina maji ndani kwa kopo. Bomba likalegea. "Lilikuwa halina hewa," akasema. Tulilitoa maji yakiwa kiunoni.

Nililipasua kwenye boti. Juu ni udongo wa kahawia uliojaa mizizi laini kama nywele. Chini ya hapo rangi inakuwa ya kijivu, kisha nyeusi, na harufu ya yai viza inapanda. Kwenye sentimita 60 hivi palikuwa na kipande cha mzizi mnene chenye rangi nyekundu ya kutu, bado kina nyuzi zake na ungeweza kukikata kwa kisu kama muhogo. Hakijaoza, kwa sababu chini kule hewa ya oksijeni haifiki, na bila hewa vijidudu vya kuozesha hufanya kazi polepole mno. Ndivyo msitu huu unavyotunza kaboni. Sehemu kubwa haimo kwenye miti inayoonekana, imo chini yake. Mti ukikatwa na tope likalimwa, hewa inaingia, na kilichotunzwa muda mrefu huanza kwenda.

Tulihitaji sentimita 100. Tumepata 86, nyingine zimeporomoka wakati wa kuvuta. Mwanafunzi aliniuliza kama aandike 100, kwa kuwa bomba lilifika 100. Nimemwambia aandike 86, na pembeni aandike bomba lilifika wapi. Amefanya hivyo.

Alhamisi, mwezi 17

Leo tumepima chumvi kwenye hori inayopita kando ya mashamba ya mpunga.

Kaskazini mwa delta watu wamekuwa wakifyeka mikoko na kupanda mpunga. Wakati wa mvua mto huleta maji baridi ya kutosha kuisukuma chumvi nje, na mpunga hukua mahali palipokuwa na msinzi. Kiangazi bahari hurudi. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita, na mpunga huanza kuumia ikifika gramu 2. Kwa hiyo kujua bahari imepanda mtoni hadi wapi si jambo la wanasayansi peke yao.

Kifaa ni rifraktomita, darubini fupi unayoidondoshea tone la maji na kuitazamisha kwenye mwanga. Kabla ya kazi unaidondoshea maji yasiyo na chumvi na kuiweka kwenye sifuri. Asubuhi mwanafunzi alijaza chupa kwenye kisima kilicho nyuma ya nyumba, nami nikaweka sifuri kwa maji hayo. Tulipima vituo 11. Namba zilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, na nilifurahi. Furaha hiyo naiandika pia. Mchana kutwa nilikuwa na habari njema kichwani.

Jioni mama mwenye nyumba alituona tunaosha vifaa.

"Hayo maji ya kisima mlikwenda nayo kufanya nini?"

Nilimweleza. Akasimama kidogo.

"Mdogo wangu, yale sisi tunaoshea vyombo tu. Ya kunywa tunayafuata kwa mtumbwi. Yale ya kisima yana munyu tangu kiangazi cha mwaka juzi."

Hakuna aliyeyaonja. Tumelala nyumba moja naye siku nne, tunakunywa chai yake, na sikumuuliza maji yake yanatoka wapi.

Akaingia ndani akarudi na kikombe cha maji ya mvua. Yamo kwenye pipa tangu masika, yamebaki robo, na huwapa watoto wakiugua. Nilidondosha tone moja, nikaweka sifuri. Kisha nikadondosha tone la kisima. Mstari ulisimama kwenye 3.

Kwa hiyo kila kituo cha leo kilisomeka pungufu kwa gramu 3. Kituo cha mwisho, kilicho karibu kabisa na mashamba, nilichokuwa nimekiandika 0, si 0. Nimezisahihisha namba zote 11 kwa wino mwekundu, na juu ya ukurasa nimeandika kwa nini. Chini nimeongeza kituo cha 12, ambacho hakikuwa kwenye mpango wetu: kisima cha nyuma ya nyumba.

Maji ya kikombe yaliyobaki nimemrudishia. Ameyamimina tena kwenye pipa.

Ijumaa, mwezi 18

Kabla ya kuondoka leo nilimuuliza mama mwenye nyumba habari za shamba lake. Nilikaa naye jikoni nusu saa. Akasema miche ikiwa bado michanga kaa huikata usiku, kisha magugu yanafuata, na baada ya misimu kadhaa shamba linachoka, mtu anatafuta pengine pa kufyeka. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetoa hesabu: magunia ya mwaka wa kwanza, ya mwaka wa pili, ya mwaka huu. Hesabu yake ina miaka tisa, yote imo kichwani. Yangu ina siku tano.

Kwa hiyo tulichelewa boti. Tulipofika kwenye mdomo wa hori ya kwenda kiwanja cha 12, maji yalikuwa yamebaki dimbwi jembamba katikati, na ndani ya dimbwi alikuwamo kiboko na mtoto wake. Nahodha alizima injini mbali. Tulisikia pumzi zao. Yule kiboko alizama, akatokea karibu zaidi, akatutazama.

"Leo njia ni yake," nahodha akasema, akageuza kwa pondo.

Tumesubiri hadi saa tisa. Hakuondoka, na maji yakarudi. Kiwanja cha 12 hakijapimwa, na kesho jua na maji havitaturuhusu. Ukurasa wake kwenye fomu upo mtupu. Mwanafunzi alishauri tutumie wastani wa kiwanja cha 11 na cha 13, kwa sababu miti inafanana kwa mbali. Ni kweli inafanana kwa mbali. Nimeandika: hakikupimwa, kiboko na mtoto, mwezi 18.

Jumamosi, mwezi 19

Barafu imeyeyuka ndani ya sanduku la sampuli. Mifuko 18 ya udongo imeelea usiku kucha, na lebo mbili zilizoandikwa kwa kalamu ya kawaida badala ya penseli zimefutika kabisa. Penseli haifutiki kwa maji, na hilo kila mtu wa kazi hii analijua. Jumatano jioni penseli ilivunjika, giza lilikuwa linaingia, nikachukua kalamu iliyokuwa mfukoni.

Naweza kukisia ni mifuko gani. Mmoja ni mweusi zaidi na una vipande vya mzizi, nao unafanana na wa sentimita 60. Nimeushika mkononi kwa muda. Kisha nimeitoa yote miwili kwenye hesabu. Zimebaki sampuli 16.

Mchana nahodha aliomba nimsomee daftari hili. Nilimsomea tangu mwezi 13. Pale kwenye fungu aliitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Pale kwenye visiki alinisahihisha: kisiki cha tano hakikuwa boriti, kilikuwa mazio, na aliniambia siku ile ila sikusikia kwa sababu ya mawimbi ya boti iliyopita. Nimelisahihisha jina hilo, kwenye safu yake na kwangu. Ni kweli hakukosea hata kimoja. Aliyekosea kuandika ni mimi.

Jumapili, mwezi 20

Tunaondoka. Maji mafu yanakuja, na hata hori kubwa haitakauka tena mpaka mwezi mwandamo.

Tulingoja kuanza safari ya Nyamisati kwa saa ya nahodha, siyo ya jedwali. Hatukupanda fungu.

Wakati tunapakia, mama mwenye nyumba alishuka hadi ufukweni na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, imeoshwa, imefungwa kifuniko na kuzungushiwa kipande cha kanga. Ndani yake mlikuwa na maji ya mvua.

"Ya darubini yako," akasema. "Usitumie ya kisima tena."

Nilimshukuru. Nilijua pipa limebaki na kiasi gani.

"Na ukishajua lile la kisima lina maana gani, urudi utuambie, mdogo wangu. Walishakuja watu wakapima hapa. Walipima vizuri, wakaondoka."

Hakutaja ni akina nani, nami sikuuliza. Inawezekana nimewahi kusoma kazi yao. Inawezekana namba zao zimo kwenye ramani niliyokuja nayo.

Kwenye boti nimefungua ukurasa mpya wa daftari. Sijaweka kichwa. Nimeandika mambo matatu ya bamvua ijayo, kwa mpangilio wa kufanywa. La kwanza, kufika nyumbani kwake kabla ya kwenda mikokoni, kumpa majibu ya kisima kwa mdomo na kwa karatasi, na kuandika hesabu ya miaka tisa ya shamba lake, kama atakubali. La pili, kutafuta tepe tisa na buti moja. La tatu, kiwanja cha 12.

Chupa nimeiweka mfukoni mwa shati, wima.